Mtoki wa Zaina wa Gwata

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nina dharau. Wauguzi wenzangu waliniambia, wagonjwa walinong'onezana, mume wangu alinipa habari hiyo kila mara kama vile imefika leo kwa gari moshi, na mimi nikawajibu kwa sauti laini niliyoipata kanisani Maneromango kwamba mimi si mtu wa dharau, ni mwangalifu tu. Sasa nimeacha kazi, magoti yamekataa baiskeli, na sina tena wa kumwogopa. Nakiri. Nilikuwa na dharau, ninayo bado, na bila hiyo dharau kuna mwanamke mmoja wa Gwata ambaye angepasuliwa tumbo bure. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaoanza kazi hii ya kuwafuatilia wanawake waliokatwa ziwa kwa saratani, msije kwangu kutafuta bibi mpole wa kuwapa baraka. Umri wa bibi sijaufikia, na upole uliniishia njiani.

Miaka ile ya hamsini, Mwingereza angali bomani, hospitali ilikuwa na neno moja tu kwa mwanamke aliyekatwa ziwa akatoka wodini kwa miguu yake: amepona. Lilisemwa mlangoni, pamoja na "kwa heri". Daktari wetu mpasuaji, katika hospitali moja ya mjini Dar es Salaam ambayo sitaitaja, alikuwa Mwingereza mrefu ambaye wagonjwa walimwita Bwana Mluzi. Alipiga mluzi akinawa mikono, alipiga mluzi akikata, alipiga mluzi akishona, na zaidi ya yote alipiga mluzi mgonjwa anapomweleza anaumwa wapi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hilo silikatai. Kovu lake lilikuwa limenyooka kama mstari wa shuleni. Lakini alidhani mwanamke anaishia pale kovu linapoishia.

Aliwaambia warudi "baadaye". Mwanamke wa Maneromango aambiwe arudi baadaye, masika, kwenye barabara ile ambayo lori lenyewe hulala njiani! Wengi hawakurudi, na Bwana Mluzi alifurahi.

"Hajarudi, basi ni mzima," alisema siku moja, tukiwa wodini.

Nikamwambia hata makaburini kuna wengi ambao hawajarudi hospitali.

Mluzi ulikatika. Alinitazama, akaniuliza naitwa nani, nikasema Damari. Baada ya muda si mrefu nilihamishiwa zahanati ya Kisarawe, nikapewa baiskeli ya kiume na amri ya kuwatafuta hao wanawake wote, upande wa Kisarawe na upande wa Kibaha, kuanzia Kongowe mpaka huko Gwata. Kwa hiyo msije mkadhani niliitwa na roho. Kazi hii niliipata kwa sababu ya mdomo.

Mnafundishwa leo kwamba kumfuatilia mgonjwa ni mpango. Mnacho chumba, mnayo mashine, mnazo picha za kifua zinazoning'inizwa kwenye taa kama nguo zilizoanikwa. Nawapongeza. Mimi nilianza kwa ujinga mtupu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwanamke wa hapo hapo Kisarawe, mke wa mtu wa duka dogo la chumvi na mafuta ya taa. Nilishuka kwenye baiskeli, nikawakuta kina mama wamekaa barazani wakipepeta mchele, nikasimama wima kama askari na sare yangu iliyopigwa pasi.

"Shikamooni. Nimekuja kuangalia ziwa lililokatwa. Linaendeleaje?"

Mkwe wake aliacha kupepeta. Hakuwa na habari. Alikuwa ameambiwa mkaza mwanawe alikwenda Dar kutibiwa jipu. Mgonjwa wangu aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na kupitia dirishani akaniambia maneno ambayo hata sasa, nikiwa na shahada ya chuo kikuu niliyokuja kupata baada ya Uhuru, sijui kuyaandika.

Nilikwenda kumlilia Bi Perpetua, muuguzi mkuu wa hospitali ile ya Dar, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyekuwa na ufunguo wa kila kabati na wa chumba cha upasuaji.

"Ulivaa sare?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ukaja na nini mkononi?"

"Sikuja na kitu."

"Wewe mtoto! Mtu anaingia nyumba ya watu mikono mitupu, amevaa nyeupe kama sanda, anauliza habari za ziwa? Chukua dawa ya macho. Kila nyumba ina mtoto mwenye macho mekundu. Watie watoto dawa kwanza. Omba maji. Lalamikia njia. Halafu mwambie mwenye nyumba unataka kuona doti ya kanga aliyonunua, mkaingie chumbani."

Kwa hiyo kwa miaka yote niliyofanya kazi hii nilijulikana vijijini kama Nesi wa Macho, na hakuna aliyejua kwa nini baadhi ya nyumba zilionewa huruma ya macho kuliko nyingine. Nyinyi mna gari lenye maandishi ubavuni. Mnaegesha mbele ya nyumba ya mgonjwa, kijiji kizima kinasoma, halafu mnaandika kwenye ripoti kwamba wanawake wa pwani wana aibu nyingi. Aibu hiyo mnawaletea nyinyi.

Mkishaingia chumbani, fungueni dirisha. Nasema hivi kwa sababu nawajua. Chumba kina giza, mgonjwa anapenda giza lile, nanyi mnalipenda pia kwa kuwa linawaondolea taabu ya kutazama. Shikeni kanga mtande dirishani, mwanga uingie na macho ya watu yabaki nje. Pasheni viganja moto kwanza. Mguseni kwa tumbo la vidole, taratibu, msitumie ncha kama mnaopapasa embe sokoni. Anzeni na ziwa lililobaki, maana kila mtu huanza na kovu. Halafu kovu. Halafu kwapa, mkono wake ukiwa umelegea juu ya bega lenu, na juu ya mfupa wa bega. Kisha muulizeni kuhusu mgongo, kifua na pumzi, na mkae kimya mpaka ajibu.

Jambo hili la pumzi nalisema kwa hasira. Kulikuwa na Bi Tatu wa Maneromango, mcheshi, mwimbaji wa ngoma za wanawake, aliyekatwa ziwa la kulia. Aliitikia wito akaenda mwenyewe hospitali kuonwa na Bwana Mluzi. Bwana Mluzi alitazama kovu, akalisifu, yaani alijisifu, akamruhusu. Bi Tatu alikuwa akikohoa pale pale mbele yake. Alikohoa akivua, akakohoa akivaa. Nilipomfikia nyumbani kwake alikuwa hawezi tena kumaliza ubeti mmoja bila kukaa chini. Ugonjwa ulikuwa umehamia mapafuni. Nilimzika mwanamke ambaye kovu lake lilikuwa zuri sana.

Mambo mengine yalikuwa ya kuchekesha, na bora yawe hivyo, la sivyo ningeacha mapema. Wanawake hawa walitaka kuvaa blauzi ikae sawa. Hospitali haikuwa na cha kuwapa, kwa hiyo tulishona vifuko wenyewe na kujaza sufi, maana miti ya misufi ilikuwa tele. Sufi ni nyepesi mno. Ukiinama kuchota maji, ziwa la sufi linapanda mpaka shingoni. Bwana mmoja wa Kongowe alimwambia mkewe kwa upole kabisa, mbele yangu, "Mama Saidi, leo limekaa begani." Tukaongeza mchele, ukaingia wadudu. Mgonjwa wetu mmoja mbunifu akajaza kunde. Zilikuwa na uzito wa kuridhisha, na tulimsifu, mpaka aliponyeshewa akitoka shamba. Akakaa jikoni kukauka, lakini kifuko hakukivua, akalala nacho. Siku zilizofuata alikuwa na upande mmoja mkubwa kuliko binti yeyote wa kijiji, na alipofungua akakuta kunde zimeanza kuota. Alicheka mpaka akatoa machozi. Baadaye tulizoea kutumia mchanga wa mtoni uliooshwa, kidogo tu, katikati ya sufi. Andikeni hilo. Mashine zenu zikiharibika, mchanga upo.

Sasa nije kwa Zaina, maana ndiye niliyemkusudia.

Zaina alikuwa mke wa mkulima mmoja wa Gwata aitwaye Kondo, mtu mrefu, mnyamavu, ambaye akiulizwa swali hulitazama kwanza swali lenyewe kama mtu anavyomtazama ng'ombe anayetaka kumnunua. Zaina alikuwa bado kijana. Alikatwa ziwa la kushoto mapema, uvimbe ukiwa mdogo, na tezi chache tu za kwapa. Watoto wake wote wawili walikuwa wamekufa wachanga, kabla ya ugonjwa. Alipotoka hospitali nilimshauri angoje asishike mimba mpaka ipite miaka miwili, tuone kama ugonjwa unarudi. Alingoja. Kila nilipofika aliniuliza swali moja tu: "Bado?" Nami nikamjibu: "Bado." Mwisho nilimwambia: "Sasa." Sitasahau uso wake. Alicheka na kunifukuza nyumbani kwake, akisema ana kazi.

Niliporudi Gwata safari iliyofuata nilimkuta mkono wa kushoto umevimba. Nilimwingiza chumbani, nikatia kidole kwapani, nikakuta mtoki, tezi iliyovimba. Mgumu kidogo, wa ukubwa wa kokwa la zambarau, na pembeni yake mwingine mdogo. Nililojifunza lote lilisema neno moja, nami nikaliamini. Sikufungua dirisha vizuri. Sikupandisha mkono wa blauzi. Mimi niliyewahubiria hapo juu habari za mwanga, siku hiyo nilifanya kazi gizani kwa kuwa niliogopa, na niliogopa kwa kuwa nilimpenda. Haya, chekeni.

Tulipanda lori la mkaa mpaka Dar. Bwana Mluzi alimpapasa kwa muda wa nusu wimbo. Akakata mtoki mmoja, akaupeleka maabara, kisha akanawa mikono.

"Ugonjwa umerudi," aliniambia kwa Kiingereza. "Alhamisi tutatoa vifuko vya mayai."

Lazima mwelewe, wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa tiba. Saratani ya ziwa ikirudi kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, walitoa vifuko vya mayai ya uzazi ili kuinyima nguvu, na wapo waliosaidika. Sikumdharau kwa kujua tiba hiyo. Nilimdharau kwa Alhamisi. Majibu ya maabara yalikuwa hayatapatikana Alhamisi, maana bwana anayeyasoma alikuwa likizo, na aliyeshika nafasi yake alikuwa na mlundo wa kazi.

"Tungoje majibu, daktari," nilisema.

"Kidole changu ndiyo majibu. Mwambie tutamsafisha tumbo kidogo."

Nikamgeukia Zaina. "Daktari anataka kukupasua tumbo na kutoa vifuko vya mayai ya uzazi. Vikitoka hivyo, hutazaa tena."

Zaina alitutazama wote wawili. "Yeye amesema maneno machache. Wewe mbona umesema mengi?"

"Yeye ameyafupisha."

"Mwulize, mkewe naye amesafishwa?"

Hilo sikulitafsiri, na ni katika majuto yangu ya kazi.

Akasema anataka kwenda nyumbani akazungumze na mumewe. Bwana Mluzi akasema aende, na mimi nikamlete kabla ya Alhamisi akiwa na mume wake, mume aweke dole gumba. Asipokuja, ataandikwa kuwa amekataa tiba na jina lake litafutwa. Akaanza wimbo mwingine.

Nilikwenda Gwata nikiwa na kazi ya kumbembeleza mtu akubali jambo ambalo mimi mwenyewe sikutaka akubali. Barazani nilimkuta mama mkwe wake Zaina, Bi Mwanahawa, kizee mwembamba mwenye ulimi kama kisu cha kuparia samaki. Dawa yangu ya macho haikuwahi kumdanganya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kuchukua nini? Ziwa mlishachukua. Nasikia sasa zamu ya tumbo. Mkimaliza mtatuachia kanga zake, au na hizo zina ugonjwa?"

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Na fisi naye hutumwa. Kaa. Kula."

Akanisogezea sahani ya mihogo, kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akaubana ubavuni kama aliyeficha kitu kwapani. Halafu, kwa kuwa hasira na haja havigombani, akaniuliza:

"Nesi, huna dawa ya mtoki? Huu wangu unanisumbua, hata kusuka ukili siwezi."

Muhogo ulinikwama. "Mtoki wako uko wapi, mama?"

"Hapa. Wa kushoto." Akainua mkono.

Jirani aliyekuwa akipita na kuni akasimama. "Kama anayo dawa, na mimi nahitaji. Wangu ulikuwa kama yai."

"Na wewe upande gani?"

"Kushoto. Sote kushoto. Kijiji kizima, tangu mchanjaji wa ndui apite."

Niliinuka na muhogo mkononi. Nikapita nyumba kwa nyumba kama mwendawazimu, nikiwaambia wanawake wa Kiislamu, watu wazima na heshima zao, wanionyeshe makwapa. Waliokataa waliniambia wana mitoki, waliokubali nikaiona. Na juu, karibu na bega, kila mmoja alikuwa na kigaga cha chanjo.

Nikamwita Zaina chumbani, nikafungua dirisha lote, nikapandisha mkono wa blauzi. Kigaga kilikuwa pale. Cheusi, cha duara, kikubwa kama kifungo cha koti, kikinicheka.

"Zaina! Sikukukataza mkono huu usichanjwe, usichomwe sindano, usiumikwe chuku kutolewa damu, usiguswe na mwiba?"

"Ulinikataza."

"Sasa?"

Akanieleza, na Bi Mwanahawa akamsaidia kutoka mlangoni alikokuwa akisikiliza. Mchanjaji alikuwa mwanamume, na mtu wa adabu zake. Wanaume walipanga mstari uwanjani. Kwa upande wa wanawake wazee walitaka sitara, kwa hiyo zilitandwa kanga mbili kwenye kamba ya baraza, zikiacha upenyo kati. Wanawake walipanga mstari nyuma ya kanga, kila mmoja akapenyeza mkono, mchanjaji akakwaruza, mkono ukarudi, ukaja mwingine. Hakumwona mtu hata mmoja. Aliona mikono tu, asubuhi nzima.

"Nilitoa wa kulia," Zaina alisema. "Akaupiga kibao! Akasema, 'Kushoto! Serikali inataka kushoto!'"

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini? 'Bwana mchanjaji, upande huo sina ziwa'? Mbele yangu Mwanaisha, nyuma yangu mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani, wote masikio! Nikatoa kushoto yakaisha."

"Mimi nilikuwa nyuma ya mke wa mwalimu," Bi Mwanahawa alisema. "Mkwaruzo wenyewe ulikuwa mbaya. Yule bwana ana mkono mzito kama anakuna nazi."

Kondo, ambaye alikuwa ameegemea ukuta muda wote, aliniuliza: "Kwa hiyo ni chanjo?"

Hapa nisikilizeni, maana ndipo vijana wengi mnapoharibu. Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Lakini kijiji kizima kuwa na mitoki hakumzuii mmoja wao kuwa na mtoki wa aina nyingine. Bi Tatu alikuwa na kikohozi kama watu wote wa Maneromango msimu ule.

"Huenda," nilisema. "Majibu ya maabara ndiyo yatakayosema. Lakini asikatwe kabla ya hayo majibu."

"Na daktari?"

"Daktari niachie mimi," nilijibu, kwa ushujaa wa mtu aliye mbali na daktari.

Nilipomwambia Bwana Mluzi habari za kanga mbili na makwapa ya Gwata, alisikiliza mpaka mwisho, tena bila mluzi, nikapata matumaini. Kisha akasema:

"Damari, umekuwa mganga sasa? Unasoma makwapa ya kijiji?"

"Nasoma kigaga, daktari. Wewe ulikiona?"

Hakukiona. Kama mimi. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona haya, na yeye hakuwa na nafasi ya haya katika ratiba yake. "Alhamisi," alisema.

Nilikwenda kwa Bi Perpetua. Alikuwa akihesabu mashuka, na hakuacha kuhesabu mpaka nilipomaliza hadithi. Kisha akaita wapaka rangi wa hospitali.

"Chumba cha upasuaji kina ukungu pembeni," aliwaambia. "Kipigwe chokaa. Chote. Mwanze Jumatano."

"Mama, hakina ukungu," mmoja alisema.

"Umekuwa daktari wewe?"

Bwana Mluzi aliingia Alhamisi akakuta ndoo na ngazi, na Bi Perpetua amesimama katikati, mweupe wa chokaa mpaka kwenye nyusi, akimweleza habari za usafi kwa Kiingereza kilichokuwa sahihi mno hata hakikupingika. Mgonjwa wa dharura angepasuliwa katika chumba kidogo cha wodi ya wazazi. Zaina hakuwa wa dharura. Wakakubaliana kazi ingoje chokaa ikauke. Kwa hiyo msinidanganye kwamba chokaa si kifaa cha tiba.

Kusubiri ni kazi ngumu kuliko zote, na hakuna chuo kinachoifundisha. Bi Mwanahawa alinitumia salamu kwamba mtoki wake umenywea. Wa jirani ulinywea. Wa Zaina, ule mdogo uliobaki, siku moja alisema umepungua, siku ya pili akasema haujapungua, siku ya tatu akakataa kuugusa. Wakati huohuo siku zake zilikuwa zimefika kama kawaida, akaona kila damu kama inamkumbusha anachotaka kunyang'anywa. Kondo alikuwa halimi. Mimi nilikuwa nikila kucha. Na kama nimekosea? Ningekuwa nimempotezea mwanamke muda ambao hakuwa nao, kwa ajili ya kigaga na kwa ajili ya kutaka kumshinda mpiga mluzi? Ilipofika hapo dharau yangu haikunisaidia hata kidogo. Ilikaa kando na kunitazama.

Bwana Mluzi alikuwa ameahidi kupiga simu bomani Kisarawe majibu yakifika. Zaina alikataa kwenda kungojea hospitali. "Sikanyagi Dar mpaka nijue," alisema. Kwa hiyo wakaja kwangu, yeye na Kondo na Bi Mwanahawa, ambaye hakualikwa. Kila asubuhi tulikwenda kukaa kwenye ukumbi wa boma, pamoja na watu wenye kesi za mipaka ya minazi. Simu ilikuwa moja, ya kuzungusha kwa mkono, ukutani, na karani wake aliilinda kama anayelinda mwali. Ilipolia kwa ajili ya kodi, tuliinuka. Ilipolia kwa ajili ya daraja, tuliinuka. Wale wa minazi wakaanza kuinuka pamoja nasi, kwa kutuhurumia au kwa mazoea.

Halafu siku moja karani akatoa kichwa dirishani, uso wake umebadilika. "Nesi Damari. Dar."

Tuliingia wote. Karani alijaribu kusema ofisi si soko, Bi Mwanahawa akamtazama, karani akatupisha. Nikaweka simu sikioni. Kwanza nikasikia waya ukinguruma, kisha, kwa mbali, mluzi. Mluzi huo haukuniambia lolote, maana alipiga mluzi kwa habari njema na kwa habari mbaya sawasawa.

"Damari?"

"Ndiyo, daktari."

"Majibu yamekuja. Ni tezi iliyovimba kwa chanjo tu. Hakuna saratani." Nikangoja aseme kile anachotakiwa kusema baada ya hapo. "Mwambie mgonjwa wako kitanda tumempa mtu mwingine."

"Mgonjwa yuko hapa, daktari. Mwambie mwenyewe."

Nikampa Zaina simu. Aliweka kanga yake vizuri kichwani kwanza, kama anayetokea mbele ya mgeni, kisha akaishika.

"Shikamoo, daktari."

Bwana Mluzi alikuwa na Kiswahili cha kuamrisha wapagazi, na waya ulikuwa mbovu, kwa hiyo alipaza sauti mpaka wale wa minazi nje walisikia:

"Mama! Wewe hapana gonjwa! Hapana kata!"

"Na tumbo langu?"

"Tumbo yako iko yako, mama!"

Zaina akanirudishia simu.

"Mwambie," alisema, "hilo nilikuwa nalijua."